Maji Yaliyowashinda Minyoo

Mnyoo mwekundu wa matope huishi kichwa chini. Hukizika kichwa ndani ya tope la mto, akila uozo uliomo, na huuacha mkia juu ukipepea majini, kwa kuwa ni kwa upande huo wa nyuma anakopumulia. Kwa minyoo hao nilimsomesha binti yangu wa pekee hadi chuo. Nalisema jambo hili mapema ili msomaji mwenye moyo mwepesi aufunge ukurasa sasa, kabla sijaifikia harufu.

Kazi hiyo niliirithi. Marehemu mume wangu, aliyefariki Jumapili ya tarehe 17 Agosti 2014, alikuwa akisafisha matangi ya samaki wa kutazamwa katika ofisi na nyumba za wenye nafasi. Sisi ni watu wa Ziwa; kwetu samaki ni kitoweo. Kila tulipokwenda nyumbani Desemba, ndugu zake walimtaka aeleze upya kazi yake ili wapate kucheka.

"Yaani samaki anaketi sebuleni kama mgeni?" kaka yake mkubwa angeuliza.

"Anaketi."

"Analetewa chakula?"

"Minyoo. Wakiwa hai."

"Na hakuna siku ataingia sufuria?"

"Hakuna."

"Basi huyo si samaki. Huyo ni mkwe."

Mume wangu aliwachota minyoo katika kijito kinachopita nyuma ya ploti za kupanga, chini ya stendi ya Kawangware 56, mahali ambapo mitaro ya vyoo humwagika na wapita njia huharakisha hatua huku wameziba pua. Baada ya mazishi, wafugaji wa samaki waliendelea kupiga simu yake wakiulizia chakula, nami nikaona kwamba matanga hayana budi kuwa na mwisho. Nilinunua glavu za mpira zinazofika begani, nikavaa buti zake ambazo zilinizidi, nikashuka kijitoni. Siku ile ya kwanza nilitapika, nikasuuza kinywa, nikaendelea kuchota.

Sikuwahi kuwapenda minyoo wale, na ninawashuku wanaosema kwamba mtu huizoea kazi ya kinyaa hadi asikisikie tena. Mimi nilikisikia kila asubuhi. Nilichota tope kwa karai, nikalitia katika gunia jepesi, nikalilaza ndani ya maji kidogo. Minyoo wakikosa hewa hupanda juu wenyewe, hupenya nyuzi za gunia, na wakifika nje hushikana. Hushikana hasa: wengi wasiohesabika hujifunga kuwa tonge moja jekundu, laini, lenye kutetemeka, kama tonge la ugali ulioingiwa na pepo. Ukilitenganisha kwa kijiti, hujikusanya tena mbele ya macho yako, mfano wa watu wa ukoo mmoja waliopotezana msibani. Tonge hilo ndilo alama ya uzima wao. Nililipeleka katika ploti ya ajuza mmoja mzaliwa wa Kawangware, ambaye sote tulimwita Shosho. Yeye alikuwa na kisima kirefu cha pampu na kona isiyo na mpangaji. Hapo nilipanga mahori ya bati, maji ya kisima yakidondoka kutoka hori moja hadi jingine mchana kutwa, mpaka minyoo walipotoa uchafu wote wa tumboni na wekundu wao kung'aa. Hapo ndipo nilipowauza.

Jioni nilirudi Kibera, katika chumba chetu upande unaoelekea shule ya Olympic, nikajisugua kwa ndimu na jivu kabla sijaigusa sufuria. Kijitoni sikupata kutia hata kidole kisicho na glavu. Hilo nalisema kwa fahari. Majirani waliniita Mama Minyoo; sikuitika. Ilibidi waseme "Mama" peke yake, kisha wangoje.

Mwezi wa Januari mwaka 2016 nilijiunga na darasa la gumbaru, na ndilo lililonipa kalamu hii. Mtu aliyejifunza kusoma kalenda akiwa na mvi haichezei kalenda. Tarehe zangu ni kamili, na anayezibisha alete zake. Mwalimu wetu wa sayansi ndiye aliyenieleza habari ya kupumua kwa mkia. Alisema pia kwamba mnyoo yule ni mvumilivu kupindukia: samaki wakiisha kukimbia, na chura wakakimbia, yeye hubaki na kunenepa, mradi tope liwe na uozo wa kula. Kwa hiyo kumwona mtoni si dalili ya usafi hata kidogo. Nilirudi nyumbani jioni hiyo nikijisikia kama mwenye nyumba aliyesikia mpangaji wake msumbufu akisifiwa na chifu.

Sasa nililete kanisa. Kanisa letu ni la mabati, liko Kisumu Ndogo, huko huko Kibera, kati ya wauza omena na baa, na Jumapili sauti zetu hushindana na muziki wa baa bila upande wowote kukubali kushindwa. Kanuni yake ni moja isiyopindika: ubatizo ni wa kuzamishwa mwili mzima, na maji yawe yanayotembea. Kunyunyiziwa utotoni, kama nilivyonyunyiziwa mimi katika dhehebu la wazazi wangu, huku hakuhesabiwi kuwa kitu. Miaka ya nyuma, waumini waliandamana kutoka Kibera kwa ngoma na bendera, wamevaa kanzu nyeupe, hadi kijito kile kile cha Kawangware, kwa kuwa maji ya Kibera yalikuwa yameharibika mapema zaidi. Mume wangu alizamishwa hapo alipokuwa kijana mgeni jijini, na picha yake akiibuka, kinywa wazi, maji yakimtiririka, bado iko ukutani kwetu.

Kisha vyoo viliongezeka, na minyoo wakaja. Katika ubatizo wa mwisho wa kijitoni, mama mmoja wa kwaya aliibuka na nyuzi nyekundu zikicheza katika nywele zake. Kelele zilizopigwa hazikuwa za Roho. Tangu hapo kanisa lilikodi bwawa la plastiki, lile la watoto wa matajiri la kuchezea, lenye picha za pomboo, nalo likawa fedheha kubwa kwa mchungaji wetu.

"Yesu hakubatizwa kwa beseni," alizoea kusema. "Bwana atatupa mto wetu. Tuombe awaondoe hao wadudu."

Basi kila mwanzo wa mwaka kanisa lilifunga na kuomba minyoo waondoke. Nami nilikuwa nikiketi safu ya tatu, nikilisikiliza kanisa zima likiuombea mkate wangu ukauke, na kila walipofika mwisho niliitikia "Amina" kwa adabu, kwa sababu nilimwamini Mungu na niliwaamini vilevile minyoo.

Binti yangu hakuitikia kwa adabu. Aliitikia kwa moyo wote. Yeye ni mwalimu wa chekechea, mwenye sauti ndogo na msimamo wa jiwe. Tangu utoto aliitwa mtoto wa Mama Minyoo, na katika miaka yote ile hakuligusa hori hata moja. Alipookoka, alilikataa bwawa la plastiki mwaka baada ya mwaka.

"Baba alizamishwa pale," aliniambia. "Na mimi nitazamishwa pale, ama sitazamishwa."

Sikumpinga. Niliona kwamba minyoo wangu watamzuia vizuri kuliko maneno yangu.

Jumanne ya tarehe 14 Januari 2025, tonge halikujifunga. Minyoo walilala mmoja mmoja chini ya karai, wamepauka kama uzi uliorowekwa katika dawa ya kutoa madoa. Nilipowasogeza kwa kijiti, mikia yao ilikatika. Hakuna kilichoikata. Ilijikatikia yenyewe, vipande vikaelea vikijinyonganyonga pembeni, huku miili iliyobaki ikitulia tuli. Katika kijito kile nilikuwa nimeona paka waliovimba, nepi, na matumbo ya mbuzi yakipita polepole kama mwenye safari. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichonipindua tumbo kama ile mikia iliyokuwa ikiendelea kutafuta hewa bila mwenyewe. Niliimwaga. Kisha nilinawa, ingawa nilikuwa na glavu.

Kabla mwezi haujaisha hapakuwa na mnyoo hata mmoja. Tope lilikuwa limepoteza uvundo wake wa choo na sasa lilinuka kama betri ya gari iliyopasuka. Mawe yaliyokuwa na utelezi wa kijani yalitakata, kisha yakaota ukoko wa rangi ya buluu. Na maji yalikuwa maangavu. Hilo ndilo lililonitisha: ningeweza kuona hadi chini, kila kokoto, kila kifuniko cha soda, na hapakuwa na kitu kinachojongea. Yalikuwa na usafi wa mfupa. Bata wa Shosho walifika ukingoni, wakasimama, wakarudi nyumbani kwa miguu.

Nilifuata ukingo kuelekea juu. Nyuma ya ukuta mpya palikuwa na godauni ambamo vyuma vikuukuu, miguu ya viti na bampa za magari, vilichovywa katika mapipa ya asidi ili kutoa kutu, kisha vikachovywa tena ili ving'ae kama fedha. Chini ya ukuta ulitokeza mpira mnene, na kutoka ndani yake yalikuwa yakitiririka maji ya rangi ya mkojo wa mgonjwa, bila haraka. Nilibisha geti. Soja alifungua kidirisha.

"Mathe, hapa hatuandiki wamama."

"Sitafuti kazi. Nauliza mnamwaga nini mtoni."

"Maji."

"Maji gani hayo yanayoua minyoo?"

Alinitazama juu hadi chini, buti za marehemu na glavu zangu, akiwa na huruma ya kweli usoni. "Sasa hiyo si ni poa? Kwani wewe minyoo unataka ya nini?"

Nilikwenda katika ofisi moja inayohusika na mambo ya mito. Nilivaa suti yangu ya kanisani. Kijana wa mezani alinisikiliza hadi mwisho, akaweka kalamu chini.

"Mama, nisaidie kuelewa. Umekuja kushtaki kwamba minyoo ya choo imeisha?"

"Nimekuja kushtaki kilichowamaliza."

Mwenzake wa meza ya pili aliinamisha kichwa ili asicheke mbele yangu. Niliambiwa nitapigiwa simu. Ningali nangoja, na simu yangu haijawahi kuzimwa.

Habari zilifika Kisumu Ndogo kwa njia nyingine. Vijana wa kanisa walipita kijitoni, wakachungulia, wakarudi mbio. Jumapili ya tarehe 23 Februari mchungaji alipanda jukwaani akiwa tayari analia. Alisema Bwana amejibu. Alisema minyoo wameondoka wote, maji yameangaa kama kioo, na kwamba Jumapili ya tarehe 16 Machi kanisa litarudi mtoni kwake. Sijapata kuona furaha kama ile. Mama wa nywele, yule wa kwaya, alicheza hadi kiatu kikamtoka. Watu walinigeukia safu ya tatu wakinipungia mikono, bila ubaya, kama watu wanaomwambia aliyeshindwa kwamba mchezo ulikuwa mzuri. Na binti yangu alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akainamisha uso, akakaa hivyo. Alikuwa wa kwanza katika orodha, kwa kuwa ndiye aliyengoja zaidi.

Nilimwambia jioni hiyo, tukichambua mboga.

"Maji yale yamekufa."

"Yakiwa na minyoo ulisema ni machafu. Hayana minyoo, bado ni machafu. Mama, ni lini kitu cha kanisa kitakuwa kizuri kwako?"

"Mnyoo yule anaishi chooni. Kinachomshinda yeye, wewe utakiweza?"

"Unalilia biashara yako."

Niliendelea kuchambua. Neno hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, na ukweli wa aina hiyo ukichanganywa na kosa huwa haumezeki wala hautemeki. Ni kweli kwamba nilikuwa nimebaki na matonge machache tu katika mahori ya Shosho, akiba ya mwisho. Nani angemwamini muuza majeneza anayewaonya watu wasiache kufa?

Akaongeza, kwa sauti ya chini, "Baba hangenizuia." Niliinuka, nikaenda kuziosha mboga.

Nikaamua kuwaonyesha. Jumatano ya tarehe 12 Machi, kwenye maombi ya jioni, nilileta chupa mbili pana za kioo ndani ya kikapu. Moja nilikuwa nimeijaza maji ya kisima, nyingine maji ya kijito. Nilimwomba mchungaji nafasi, akanipa kwa heshima, maana si mtu mbaya. Niliziweka chupa mbele ya madhabahu, juu ya kitambaa chao cheupe, nikadondosha tonge katika kila moja.

Kina mama walivuta leso hadi puani. Mmoja aliguna, "Yarabi, hata hapa?" Lakini walisogea, kwa sababu kinyaa kina mvuto wake. Katika maji ya kisima, tonge lilizama, likatulia chini, likatoa mikia yake pande zote na kuanza kupepea. Katika maji ya kijito, lilijikaza ghafla kama ngumi. Kisha likalegea. Likaanza kufumuka, mnyoo mmoja mmoja akijinyonga peke yake, na kabla wimbo mmoja haujaisha mikia ilikuwa ikianguka kama nywele kwa kinyozi. Mtu mmoja wa safu za nyuma alianza kutapika. Nilimtafuta binti yangu kwa macho. Alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Mchungaji aliinama juu ya chupa kwa muda mrefu. Aliponyanyuka, macho yake yaling'aa.

"Wapendwa," alisema, "minyoo ni nini?"

"Ni uchafu!"

"Na maji haya yamefanya nini na uchafu?"

"Yameukataa!"

"Yameukataa! Mama yetu ametuletea ushuhuda bila kujua. Haya maji ya kisima, ona, minyoo inakaa tu raha mustarehe. Maji ya mto wa Bwana hayakubali!"

"Mchungaji," nilisema, "kitu kinachomuua mnyoo wa choo ni sumu."

"Na dawa ya minyoo tunayowapa watoto, inafanya nini? Si inaua minyoo? Na mtoto si anapona? Ama daktari naye anawapa watoto sumu?" Kanisa lilicheka, naye akanigeukia kwa upole wa kweli. "Mama, shida yako ni moja. Ulisoma ukiwa umekomaa, vitabu vikakupanda kichwani kama pombe kwa mtu ambaye hajala."

Jibu nilikuwa nalo. Lilinijia nikiwa nimekwisha kupita Olympic, kikapu mkononi: kwamba dawa ya mtoto hupimwa kwa kijiko, na yule wa godauni hapimi kitu. Wakati nilipolihitaji, ngoma zilikuwa zimeanza.

Jumapili waliandamana kutoka Kisumu Ndogo kwa bendera na ngoma, weupe kama kundi la yangeyange, na wauza mahindi wakasimama kuwatazama. Nilitembea nyuma, katika suti yangu, mkoba kwapani. Tulipofika, Shosho alikuwa amesimama kwenye ua wake.

"Nyinyi watu wa Kibera," alipaza sauti, "bata wangu hawaingii hapo, mnaingiza watoto wa watu?"

"Bwana asifiwe, Shosho!" walimjibu kwa furaha.

Mchungaji aliingia wa kwanza, miguu mitupu, kanzu ikielea. Namtendea haki: hakusita. Lakini mimi nilikuwa nikitazama miguu yake kupitia maji yale maangavu, nikaona akiinua mmoja, kisha mwingine, taratibu, kama kuku aliyekanyaga jivu lenye moto. Uso wake uliendelea kutabasamu. Aliita jina la binti yangu.

Nilivua viatu. Nilivua soksi, nikazikunja ndani ya viatu. Nilimpa Shosho mkoba juu ya ua, nikampita binti yangu ukingoni, nikaingia.

"Mama," mchungaji alisema kwa sauti ya chini, "wewe ulibatizwa zamani."

"Nilinyunyiziwa. Mnafundisha kwamba huo si ubatizo."

"Ni kweli, lakini..."

"Na mkubwa hutangulia. Nizamishe."

Hakuweza kukataa. Ilikuwa kanuni yake mwenyewe, na kanisa lote lilikuwa likimsikiliza.

Kwanza yalikuwa baridi tu. Kisha yalizipata nyufa za visigino vyangu. Ilikuwa kama pilipili iliyosuguliwa mahali palipochubuka, ikapanda hadi kwenye vifundo, ikapenya chini ya kucha za vidole. Chini ya nyayo tope lilikuwa laini, la mafuta, bila mnyoo hata mmoja, na ladha ya chuma ilinijia kinywani ingawa sikuwa nimeyaonja. Nilikaza taya na kusimama wima, kwa kuwa mimi sijikunji mbele ya watu. Mchungaji aliweka mkono mmoja mgongoni kwangu na kuuinua wa pili juu.

"Mama."

Alikuwa binti yangu.

"Subiri zamu yako," nilimjibu bila kugeuka.

"Mama, toka huko."

"Nikitoka utaingia?"

Nilisikia ukoko ule wa buluu ukivunjika mawe yalipokanyagwa, kisha vidole vyake vikanishika mkono, akiwa ameinama kutoka ukingoni, upindo wa kanzu yake ukigusa maji. Na yeye mwenye sauti ndogo, ambaye watoto wa chekechea humwomba arudie, aliwapigia kelele watu wa kanisa lake.

"Huyu hajawahi kutia kidole hapa bila glavu! Maisha yake yote! Hata minyoo ikiwa imejaa, hata siku baba amezikwa tu! Hajawahi!"

Ngoma zilikufa moja baada ya nyingine. Alinivuta, nikatoka. Alinikalisha juu ya jiwe, akavua kanzu yake nyeupe, ile aliyoishona mwenyewe na kuihifadhi mwaka baada ya mwaka ndani ya karatasi, akaanza kunifuta miguu nayo, kwa nguvu, kama anayesugua sufuria. Kitambaa kilibaki na doa la manjano lenye ukingo wa kijani. Alilitazama. Akalinusa, na uso wake ukajikunja.

"Hii ni nini?" aliuliza.

Mchungaji alikuwa ametoka majini bila kutangaza lolote. Aliketi mbali kidogo, na Shosho akampitishia mtungi wa maji ya kisima juu ya ua bila kumwambia neno, jambo ambalo kwa Shosho ni huruma kubwa. Alijimwagia miguuni hadi mtungi ukaisha. Baadaye alisema ubatizo umeahirishwa hadi Bwana atakapoonyesha mahali pengine. Hakusema kwamba nilikuwa sahihi, nami sikumwomba aseme. Mama wa kwaya alivikunja vitambaa na kuzifunga bendera. Walirudi Kibera kimya, na hata leo bwawa la pomboo ndilo linalotumika. Binti yangu bado hajazamishwa. Anasema atangoja.

Nyayo zangu zilibabuka ganda baada ya ganda, kama kitunguu, na chini yake nyama ilikuwa nyekundu yenye unyevu ambao siwezi kuueleza bila kukisumbua chakula cha msomaji. Buti sikuweza kuvaa hadi mvua za masika zilipokolea. Godauni lingali pale. Mvua ziliyatia maji rangi ya kahawia kwa muda, kisha yakaangaa tena. Nimekwenda kuangalia mara nyingi, nikachota tope, nikalilaza katika gunia, nikangoja kile kitu chekundu cha kuchukiza kipenye nyuzi. Hakijatokea. Sikudhani ningefikia umri huu nikiinamia mtaro wa choo na kuusihi unionyeshe mnyoo.

Siku nilipokuwa bado siwezi kukanyaga chini, akiba yangu katika mahori ilihitaji kubadilishiwa maji, vinginevyo ingekufa na kuoza. Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda ndani ya ua wa Shosho, miguu imefungwa vitambaa, nikitafuta namna ya kumwomba mtu. Binti yangu alifika kutoka shuleni na chaki bado ikiwa kwenye vidole. Aliyatazama mahori kwa muda. Kisha akakunja mikono ya blauzi.

"Vaa glavu," nilimwambia.

"Si ni maji ya kisima?"

Alitumbukiza mkono mtupu hadi kiwikoni, akainua tonge moja zima. Lilimjaa kiganja, likatoa mikia yake kati ya vidole vyake na kuanza kupepea. Mabega yake yalipanda hadi masikioni.

"Mama, hii ni kinyaa! Nitajuaje kama wako sawa?"

"Litenganishe. Uone kama litashikana."

Alilirudisha majini, akaligawa kwa kijiti kama anayegusa jeraha, akainama karibu zaidi. Vipande viwili vilitulia, vikapapasana, vikaanza kuvutana.

"Wanashikana," alisema.

Kisha alikimbilia nyuma ya ukuta, akatapika, akasuuza kinywa chake bombani, akarudi kubadilisha maji ya hori la pili.